Nani aliweka bromini kwenye mafuta ya nyangumi? (hotuba nzima, kwa mliokosa)

Salamu. Wengi mmeniandikia mnataka nilichoongea Jumamosi kwa sababu hamkufika, basi nimekaa nimekiandika kama nilivyokisema, pamoja na pale nilipoharibu. Picha za slaidi nimeziacha, hata ukumbini kwenyewe nusu yake hazikuonekana.

Ndugu zangu, wazee wangu, na nyie wadogo zangu mliojibana kule nyuma karibu na mlango mkidhani siwaoni, hamjambo?

Tuanze na mikono. Nikitaja klorini, nani kichwani kinamjia kiwanda? Nyoosheni juu nione. Eeh, karibu wote. Nani inamjia sumu? Wengi pia. Nani unamjia uyoga? Hakuna. Hata mmoja hakuna. Haya shusheni mikono, nawapa kisa halafu mtanijibu wenyewe.

Mwaka 1921 meli ya kuwinda nyangumi, jina lake Charles W. Morgan, ilirudi kutoka safari yake ya mwisho. Meli yenyewe bado ipo, imekuwa makumbusho huko Connecticut, Marekani, watu wanapanda wanapiga picha. Sasa kwenye ile safari ya mwisho kuna mafuta ya nyangumi yalihifadhiwa kidogo, yakakaa miaka na miaka, vita kuu ya pili ikaja ikapita, watu wakaenda mwezini wakarudi, mafuta yametulia tu. Mpaka miaka ya 2000 watafiti wa Woods Hole, taasisi ya utafiti wa bahari huko Marekani, wakayapata wakayapima. Mnajua walikuta nini mle? Kampaundi zenye bromini, ndugu wa klorini. Na nyingine zenye klorini yenyewe. Kwenye mafuta ya 1921!

Simameni hapo mfanye hesabu. PCB, zile kemikali za klorini zilizokuwa zinawekwa kwenye mafuta ya transfoma mpaka zikapigwa marufuku, zilianza kuuzwa 1929. DDT ilijulikana kwamba inaua wadudu mwaka 1939. Nyangumi wetu alikuwa ameshakufa zamani, ameshachemshwa, mafuta yake yameshafungwa. Sasa nani aliweka bromini mle?

Kuna mtu hapa mbele ananong'ona "labda ni uchafu uliingia baadaye". Swali zuri mzee wangu, na wao walishajiuliza. Maabara hiyohiyo mwaka 2005 ilikuwa imetoa kazi nyingine, walichukua mafuta ya chini ya ngozi ya nyangumi aliyekufa, kama kilo 10 hivi, wakayachuja na kuyachuja na kuyachuja, mpaka wakabaki na kachembe kadogo ka kampaundi zenye bromini, halafu wakapima kaboni iliyomo ndani. Ujanja wake uko hivi. Kemikali za kiwandani nyingi chanzo chake ni petroli, na petroli imelala chini ya ardhi mamilioni ya miaka, ile kaboni 14 yenye mionzi imeshaisha yote, haibaki hata harufu. Kitu kilichotengenezwa na kiumbe hai cha juzijuzi kinakuwa nayo. Na kachembe kale kalikuwa nayo. Yaani kuna kiumbe huko baharini kimekaa kimetengeneza kampaundi yenye bromini, bila bomba, bila umeme, bila leseni ya mtu.

Sio nyangumi lakini, msimwonee. Yeye anakula tu. Mafundi ni wale wadogo, mwani, sponji, bakteria, halafu samaki anakula, mkubwa wake anamla, mpaka inafika kwenye mafuta ya bwana mkubwa.

Mwaka 1954 kampaundi za asili zenye halojeni, yaani klorini, bromini na ndugu zao, zilizokuwa zinajulikana zilikuwa kama dazeni moja. Dazeni moja! Vitabu vilikuwa vinaziita vioja. Leo zimepita 5000. Haimaanishi viumbe walianza juzi, ni sisi ndo tulichelewa kuangalia.

Sasa huyu fundi ni nani? Anaitwa kimeng'enya, wengine mnasema enzaimu, sawa tu. Ni proteini iliyokunjwa vizuri ikabakiza kimfuko katikati, na kwenye kimfuko ndo kazi inafanyika. Halojeni za kukumbuka leo ni nne: florini, klorini, bromini na iodini, hii ya mwisho wengi mnaijua kama madini joto ya kwenye chumvi. Baharini zote zipo, na klorini ndo imejaa. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu kama 19 za kloraidi. Ila kloraidi ni klorini iliyoshiba, imeshapata elektroni yake ya ziada imetulia haina habari na mtu, ndo maana tunakula chumvi na hatufi. Ukitaka iwe ya kung'ata inabidi uinyang'anye elektroni. Na kumnyang'anya halojeni elektroni ni sawa na kumnyang'anya mbwa mfupa, jamani, usiende mikono mitupu.

Kiwanda kinaenda na umeme, mwingi, kinapasua maji ya chumvi. Kimeng'enya kinaendaje? Kinaenda na haidrojeni peroksaidi, ambayo seli zinaitoa zenyewe katika kupumua kwao kama injini inavyotoa moshi. Kinaiweka peroksaidi pale kwenye kimfuko, juu ya chembe ya chuma au ya metali inaitwa vanadiamu, kinaleta kloraidi, elektroni zinanyakuliwa, na kinachotoka ni asidi ya haipoklorasi. Hiyo mnaijua ndugu zangu! Ndo inayofanya kazi kwenye dawa ya kung'arishia mashuka meupe. Hiyohiyo. Imetengenezwa kwenye joto la kawaida, kwenye maji ya kawaida, na kitu ambacho huwezi kukiona kwa macho.

Wa kwanza kushikwa akifanya hivi alikuwa fangasi mmoja mweusi kama masizi, Caldariomyces fumago. Mwaka 1940 huko Uingereza walikuta ndani yake kampaundi yenye atomu mbili za klorini, wakaipa jina wakaendelea na mambo yao. Ikapita miaka ishirini hivi ndo mwanakemia Lowell Hager na wenzake, chuo kikuu cha Illinois, wakamkamata fundi mwenyewe, wakamsafisha, wakamwita kloroperoksidesi. Na katikati yake kuna nini? Chuma, kimefungwa kwenye pete ileile inayobeba chuma kwenye damu zetu. Mimi hapa huwa nasisimka kila nikilisema, nyie naona mmetulia tu.

Basi tusisimke wote. Hiki kikombe kina majivu ya mwani wa kahawia. Nimeuchoma jana nje ya nyumba na mke wangu amesema nisirudie tena maisha yangu yote. Majivu nimeyachemsha na maji, nimechuja, mnaona maji yake, yamekaa kama chai iliyokosa majani. Naweka wanga. Hakuna kitu. Sasa naweka matone ya peroksaidi, hii ya kusafishia vidonda, iangalieni.

Iangalieni.

Mbona haibadiliki? Ngojeni kidogo. Mliokaa mbele mnacheka nini? Aah. Nimesahau asidi. Nimeongea sana nimesahau asidi, haya, tone moja, mbili, tatu. Mmeona? Bluu! Bluu nyeusi kabisa kama wino. Pitisheni kikombe mpaka nyuma, msinywe.

Ile bluu ni iodini imeingia ndani ya nyuzi za wanga. Na kisa cha kusahau asidi kinanikumbusha mwenzangu aliyekosea upande wa pili, Bernard Courtois, Paris, mwaka 1811. Vita vya Napoleon vinawaka, baruti inatakiwa, baruti inataka chumvi maalumu, na Courtois alikuwa anatumia majivu ya mwani kuitengeneza. Siku hiyo akazidisha asidi ya salfa. Ukapanda moshi wa zambarau, ukaenda kugusa sehemu zenye baridi ukaganda kuwa vipande vyeusi vinavyong'aa. Ndo iodini hiyo, elementi mpya duniani, imepatikana kwa kuzidisha. Mimi nimesahau asidi nimepata kuchekwa, yeye kazidisha kaingia kwenye historia. Hakuna haki.

Lakini swali nililotaka mniulize ni hili: kwa nini mwani una iodini nyingi hivyo wakati maji ya bahari yanayo kidogo mno? Kuna mwani wa bahari za baridi unaitwa Laminaria digitata, unaweza kukusanya iodini mara 30,000 kuliko maji yaliyouzunguka. Elfu thelathini! Mlangoni, kwenye ukuta wa seli, amekaa kimeng'enya chenye vanadiamu, anaigeuza iodini ili iweze kuingia. Na mwaka 2008 ikaonekana inahifadhiwa kwa kazi gani: maji yakipwa mwani unabaki juani unateseka, unaimwaga ile iodaidi nje, inakwenda kuvunja sumu za oksijeni kama ozoni na peroksaidi. Yaani ni ngao. Sehemu inapaa hewani, inasaidia hata kuotesha chembe zinazoweza kuwa mawingu. Narudi kwenye hii iodini baadaye, ishikeni.

Kuna kitu kinachanganya watu hapa. Baharini kloraidi imezidi bromaidi karibu mara 300. Basi mbona kampaundi nyingi za viumbe wa bahari zina bromini? Kwa sababu bromaidi haishikilii elektroni yake kwa nguvu kama kloraidi. Fundi anaanza na mlango usiofungwa vizuri. Na hili mnalijua kwa ulimi wenu, ila hamjui kama mnalijua, ile ladha ya kamba au samaki wa bahari ambayo samaki wa maji baridi hana hata umpike vipi, sehemu yake kubwa ni bromofenoli, na zinatoka kwa mwani na minyoo ya chini walioliwa.

Sasa hawa mafundi wa peroksaidi nawapenda lakini ni watu wa fujo. Wanatengeneza asidi ya haipoklorasi au ya haipobromasi wanaiachia, inagonga chochote kilicho karibu, kama mtu anayerusha pilipili hewani. Kuna wengine ni mafundi saa. Kuna bakteria wa kwenye udongo, Pseudomonas fluorescens, ana kimeng'enya kinaitwa PrnA, umbo lake lilichapishwa 2005. Kazi yake ni kuweka klorini moja kwenye amino asidi, tofali la kujengea proteini, inaitwa triptofani, na lazima iwe kwenye nafasi namba 7. Ukiifanya mwenyewe kwenye chupa ya maabara klorini haitaki kwenda namba 7, kuna nafasi nyingine zinaivuta zaidi. Sasa yeye anafanyaje? Sumu, ileile asidi ya haipoklorasi, anaitengenezea chumba kimoja, triptofani ameikalisha chumba kingine, na katikati kuna korido ya nanomita 1 hivi. Chukua milimita moja igawe vipande milioni, kipande kimoja ndo urefu wa korido. Sumu inapita humo, inapokelewa na amino asidi ya laisini imesimama pale kama bawabu, halafu inatua namba 7 na sio pengine popote. Mimi nimeshakaa wiki tatu najaribu kuweka bromini mahali pamoja kwenye pete ya kaboni nikapata mchanganyiko wa kampaundi nne, na bakteria anafanya amelala.

Haya, wanafanya yote hayo kwa faida gani? Kwa sababu mwani hauna miguu. Fangasi hana meno. Bakteria hana polisi wa kumwita. Wote hawa wanaishi kwenye msongamano kila mtu anataka kumla jirani, basi silaha yao ni kemia. Ukiweka klorini au bromini kwenye molekuli inabadilika umbo, inapenya mafuta ya seli kirahisi, inang'ang'ania mahali pake. Ni kama kuweka ncha kwenye fimbo.

Mwaka 1948 ilitangazwa kazi ya mzee mmoja, Benjamin Duggar, umri umepita miaka 70, alishastaafu uprofesa akaenda kufanya kazi kampuni ya dawa. Umri ambao wengine tutakuwa tunatafuta miwani ambayo tumeivaa. Yeye alikuwa anaagiza udongo kutoka sehemu mbalimbali anatafuta bakteria, na ndani ya udongo wa shamba la utafiti la chuo kikuu cha Missouri akamkuta mmoja wa rangi ya dhahabu, Streptomyces aureofaciens. Dawa iliyotoka humo ndo klorotetrasaiklini, mama wa tetrasaiklini zote. Sikieni jina lake linavyoanza: kloro. Mwaka mmoja kabla, kutoka udongo wa Venezuela, ilishatoka kloramfenikoli, iliyotibu taifodi watu wakapona ambao zamani walikuwa wanazikwa. Nayo jina linaanzaje? Klor. Ina atomu mbili za klorini. Na dawa ya mapunye ya kumeza, griseofulvini, yule mtoto wako aliyenyolewa kichwa akapewa vidonge wiki kadhaa, ina klorini moja, na aliyeiweka ni fangasi. Fangasi ametengeneza dawa ya kuua fangasi. Majirani hawapendani jamani.

Wengine hawaui, wanavuruga mawasiliano tu. Huko Australia kuna mwani mwekundu, Delisea pulchra, watafiti wakashangaa mbona hauna utando wa bakteria wakati kila kitu baharini kinaota utelezi? Kumbe unatoa kampaundi za bromini zinazofanana na zile ambazo bakteria wanatumia kuitana. Bakteria akitaka kujenga utando lazima kwanza ajue wenzake wako wangapi, anatuma ujumbe. Mwani umejaza laini yake kelele. Mkutano umeharibika, kila mtu karudi kwao.

Na konokono wa Tiro! Wasomaji wa Biblia mnamkumbuka Lidia, muuza nguo za zambarau. Ile zambarau ya wafalme, iliyokuwa inatoka kwa konokono hao, ni rangi ya indigo yenye bromini mbili, na mwaka 1909 Mjerumani mmoja, Paul Friedländer, alipotaka kujua ni kitu gani alitumia konokono 12,000 akapata gramu 1.4. Hata kijiko cha chai hakijai. Sasa mnaelewa kwa nini maskini hakuvaa zambarau.

Ila nisije nikawaacha mnadhani cha asili ni kizuri. Florini ndo mkali kuliko wote, viumbe wengi hawamgusi kabisa. Lakini Afrika Kusini kuna mmea mdogo, kwa Kiafrikaana wanauita gifblaar, jani la sumu, unachipua mapema kabla nyasi hazijaota. Ng'ombe ana njaa, anaona kijani, anakula, anaenda kunywa maji, anaanguka. Kilichomo ni floroasetati, ilijulikana miaka ya 1940. Seli inaipokea kama chakula, inaisukuma kwenye mashine ya kutengeneza nguvu, na ikifika mle inageuka kitu kinachokwama kwenye gia. Ng'ombe amejitengenezea sumu mwenyewe kutokana na mlo. Kimeng'enya cha kwanza kujulikana kinachoweza kufunga florini na kaboni kilipatikana 2002, timu ya David O'Hagan, chuo kikuu cha St Andrews huko Uskoti, na hakikutoka kwenye mmea huo, kilitoka kwa bakteria wa udongo, Streptomyces cattleya. Mmea ni wa asili kabisa, haujawahi kuona kiwanda, na unaua ng'ombe.

Hapa naona nyuso zimekaa zinasema "haya ni ya huko, baharini, udongoni, sisi hayatuhusu". Sawa. Nani hapa amewahi kuwa na kidonda kikatunga usaha? Msione aibu. Usaha una ukijani, ndiyo au siyo? Hivi mmeshajiuliza ule ukijani unatoka wapi?

Ni kimeng'enya. Mwaka 1941 mtafiti wa Sweden, Kjell Agner, alikitenga akakiita verdoperoksidesi, yaani peroksidesi ya kijani, siku hizi kinaitwa mieloperoksidesi. Kimejaa kwenye seli nyeupe za damu. Bakteria akiingia kwenye kidonda seli nyeupe inammeza, inamfungia kwenye kifuko, inamimina peroksaidi, inaleta kloraidi ya kwenye chumvi yako uliyokula jana, na kimeng'enya cha kijani kinatengeneza asidi ya haipoklorasi humo ndani. Maji ya kung'arishia mashuka! Unayatengeneza wewe, sasa hivi ulivyokaa hapo, ndani ya seli zako. Ule usaha ni uwanja wa vita na kijani ni sare za waliokufa.

Na ile iodini niliyosema mshike. Shingoni kuna tezi, ndani yake kuna peroksidesi nyingine, ndugu wa yule wa kwenye usaha, kazi yake ni kuchukua madini joto na kuyafunga kwenye amino asidi ya tairosini, atomu nne, inatoka homoni ya thairoksini inayoamua mwili wako uchome nguvu kwa kasi gani. Edward Kendall aliipata safi kwa mara ya kwanza siku ya Krismasi mwaka 1914, yuko maabara wakati wenzake wanakula. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 za iodini kwa siku, kidogo mno, na ikikosekana tezi inavimba, rovu hilo, na mama mjamzito akiikosa mtoto anaumia ubongo kabla hajazaliwa. Sehemu ya iodini ya nchi kavu inatoka baharini kupitia hewa na mvua, na mwani wetu una mkono wake humo.

Sasa tufike pagumu. Mtu wa kiwanda akisikia hotuba hii anaweza kufurahi sana. Atasema "mmeona? hata asili inatoa klorini, tuacheni tumwage". Na ukweli ni kwamba kuna ukweli ndani yake, ndo maana inaudhi. Kloromethani, gesi yenye klorini, inatoka mamilioni ya tani kila mwaka na nyingi ni ya asili, mimea, bahari, uyoga unaoozesha magogo. Kuna jeni ya mmea, yaani maelekezo ya urithi, inayosimamia kimeng'enya cha kutengeneza gesi hiyo, waliiita kwa kifupi HOL, maana yake "haina madhara kwa tabaka la ozoni", lile la juu angani linalotukinga na miale mikali ya jua, kwa sababu mmea ukiikosa jeni hiyo gesi haitoki. Wanasayansi nao wana utani wao. Huko Sweden miaka ya 1980 walikuwa wanapima klorini ya viwanda vya karatasi kwenye maji, wakaikuta mpaka kwenye maziwa na matope ya misituni ambako hakuna kiwanda. Waliona aibu kidogo.

Lakini linganisha. Kloromethani hewani inadumu kama mwaka mmoja tu, halafu imevunjika. CFC-12 ya kwenye mafriji ya zamani inadumu kama miaka 100. Kwenye CFC kaboni imezungushiwa florini na klorini pande zote, haina pa kushika, vimeng'enya karibu vyote havijui vianzie wapi, ndo maana ikapanda mpaka juu ikala ozoni na dunia ikabidi ikae Montreal mwaka 1987 ikubaliane kuzipunguza. Mimi swali la "ni ya asili au ya kiwanda" silipendi, linatuchelewesha. Nauliza: nani anaifungua? Kilichofungwa kuna mtu wa kukifungua au hakuna? Na sisemi za asili zote zinafunguka haraka, nyangumi wetu wa 1921 anatusuta, bromini ilikaa kwenye mafuta yake vizuri tu.

Wafunguaji wapo lakini. Mwaka 1997 chuo kikuu cha Cornell, Marekani, walitangaza bakteria waliyemtoa kwenye tope la mtambo wa maji taka, Dehalococcoides. Sisi tunapumua oksijeni, yeye anapumua klorini. Mpe tetrakloroethini, ile ya kufulia nguo bila maji ambayo imeingia kwenye visima sehemu nyingi, ina klorini nne. Anatoa moja. Anatoa ya pili. Anatoa ya tatu, na hapa wengi wengine wanaishia njiani, na kilichobaki, vinaili kloraidi, kinaleta kansa, yaani umesafisha nusu umeharibu zaidi. Yeye anatoa na ya nne, inabaki ethini, gesi ileile inayoivisha ndizi. Kimeng'enya chake katikati kina kobalti, kimeundwa kwa kitu cha familia ya vitamini B12. Leo watu wanawakuza kwenye mapipa wanawamimina ardhini penye uchafu. Na mnadhani alijifunza wapi kula klorini, kwenye kufua nguo miaka mia? Mafundi wa kufunga walikuwepo zamani sana, basi na mafundi wa kufungua wakawepo.

Nimeonyeshwa saa. La mwisho, halafu maswali. Kuna mwani mwekundu Asparagopsis, una viseli maalumu vimejaa bromofomu, silaha yake dhidi ya wanaomla. Ukichanganya kidogo kwenye chakula cha ng'ombe bromofomu inakwenda kuziba kimeng'enya cha vijidudu wanaotengeneza methani, gesi inayoipasha dunia joto, tumboni, na jaribio la chuo kikuu cha California, Davis, lililotoka 2021 lilionyesha methani inashuka zaidi ya asilimia 80. Makofi? Ngojeni. Bromofomu hiyohiyo inapaa hewani kirahisi na ina bromini, na bromini kwa ozoni ni mkali kuliko klorini. Basi ukilima mwani huo kwa ajili ya ng'ombe wote wa dunia inabidi upime inayovuja ukikausha, ukisafirisha, ukisaga, na inayobaki kwenye maziwa. Wapo watu wako mashambani wanapima hayo sasa hivi.

Kikombe changu cha bluu kimefika wapi? Kirudisheni. Maswali tuanze na yule mama wa nyuma, mkono wake uko juu tangu nilipotaja usaha.